Prosesa Ngapi Ziko Kazini? Historia ya Swali la Msimamizi wa Seva

Anayeingia leo kwenye seva ya Linux akaandika nproc hupata jibu papo hapo: nambari moja, basi. Hakuna maelezo wala jedwali. Lakini nambari hiyo haisomwi moja kwa moja kwenye silikoni. Hutolewa na keneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ambayo huweka hesabu yake yenyewe ya prosesa inazoziona, zilizozimwa, na zile ambazo programu imeruhusiwa kuzitumia.

Kwa zaidi ya miaka 60, kila watengenezaji wa mashine walipobadili namna ya kuunda prosesa, hesabu hiyo ilianza kuwadanganya watu. Na kila ilipowadanganya, palitokea mtu akaandika amri mpya.

1961–1971: Taa kabla ya amri

Kompyuta zenye prosesa zaidi ya moja ni za kale kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya Burroughs ya Marekani ilitangaza B5000 mwaka 1961, mashine iliyoweza kubeba prosesa mbili chini ya mfumo endeshi mmoja ulioitwa MCP. Mwaka uliofuata ikaja D825, iliyotengenezwa kwa matumizi ya kijeshi, yenye nafasi ya prosesa nne. Jeshi lilitaka mashine isiyokufa: prosesa moja ikiharibika, zilizobaki ziendelee na kazi.

Hali ya mashine ilisomwa kwa macho. Mbele yake palikuwa na paneli yenye safu za taa ndogo zilizowaka na kuzima kufuatana na yaliyomo ndani ya rejista. Burroughs B6700 ilikuwa na mtindo wake: ikikosa kazi, taa zilijipanga zikachora herufi B. Mwendeshaji aliyepita mlangoni akaiona herufi hiyo imetulia alijua mashine imekaa bure. Akiona taa zinavurugika, kazi ipo.

Taa zilimfaa mtu aliyesimama karibu na mashine. Novemba 1961, katika chuo cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo uliowaruhusu watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa kwenye terminali yake. Mtumiaji sasa alikuwa mbali na paneli. Akitaka kujua kwa nini programu yake inakawia, ilibidi aulize kwa kuandika.

Multics, mradi ulioanza mwaka 1965 kwa ushirikiano wa MIT, General Electric na Bell Labs, ulisogeza jambo hili mbele. Mashine yake, GE-645, iliweza kuwa na prosesa zaidi ya moja zinazotumia kumbukumbu moja. Mwaka 1971 Roger Schell aliwasilisha MIT tasnifu iliyoonyesha jinsi ya kuongeza au kuondoa prosesa na vipande vya kumbukumbu huku watumiaji wakiendelea na kazi zao. Tangu hapo idadi ya prosesa haikuwa tena jambo lililokwishaamuliwa siku mashine iliposimikwa. Ikawa hali inayoweza kubadilika kati ya asubuhi na mchana, na hali inayobadilika huhitaji njia ya kuulizwa.

1971–1983: Unix, na prosesa iliyojificha nyuma ya wastani

Bell Labs ilijitoa Multics mwaka 1969, na mwaka huohuo Ken Thompson na Dennis Ritchie wakaanza kazi iliyozaa Unix, mfumo mdogo kwa mashine ndogo. Amri ya ps, inayoorodhesha michakato, yaani programu zinazoendeshwa, iliingia mapema katika miaka ya 1970. Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya kibabe. Ilifungua faili maalumu linalowakilisha kumbukumbu ya mashine, ikatafuta anwani za majedwali ya keneli, kisha ikachota data yenyewe. Keneli ikijengwa upya na mpangilio wa majedwali ukabadilika, ps ya zamani ilitoa takataka. Tena, programu inayosoma kumbukumbu ya keneli huhitaji mamlaka makubwa, na kila programu yenye mamlaka makubwa ni mlango wa hatari.

Kipimo kingine kilitoka kwenye TENEX, mfumo uliotengenezwa na kampuni ya BBN kwa ajili ya kompyuta za PDP-10. TENEX ilihesabu wastani wa mzigo, yaani kwa wastani ni michakato mingapi iliyo kazini au inayosubiri zamu. Hati ya RFC 546 ya mwaka 1973 ilichapisha vipimo hivyo vya mwezi wa Julai. Wazo hilo likahamia Unix ya Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, na hadi leo amri ya uptime hutoa nambari tatu: wastani wa dakika 1, 5 na 15.

Nambari hizo zilibuniwa kwa mashine yenye prosesa moja, na hapo ndipo tatizo lilipojificha. Foleni ya watu wanane ni balaa kwenye benki yenye dirisha moja, lakini kwenye benki yenye madirisha manane kila mtu anahudumiwa. Wastani wa 8 hausemi madirisha ni mangapi.

Na madirisha yalikuwa yanaongezeka. Mwaka 1975, katika Naval Postgraduate School huko Monterey, California, wanafunzi wawili wa shahada ya uzamili waliunganisha prosesa mbili za PDP-11 chini ya Unix moja waliyoiita MUNIX. Mwaka 1981 George Goble na Mike Marsh wa Chuo Kikuu cha Purdue waliunganisha VAX-11/780 mbili zikawa mashine moja.

Mpango wa Purdue ulikuwa wa bwana na mtumwa. Prosesa ya kwanza pekee ndiyo iliyoendesha keneli. Ya pili iliendesha programu za watumiaji tu. Programu ikihitaji kusoma faili, ilibidi irudishwe kwa bwana. Kwa hiyo bwana aliweza kuelemewa huku mtumwa akikosa la kufanya, na wastani wa wawili hao ukaonekana wa kuridhisha. Haikutosha tena kuuliza kama mashine ina kazi. Ilibidi kuuliza prosesa ipi ina kazi.

1984–1991: Michakato yageuzwa mafaili

Mwaka 1984 ulizaa mambo mawili yaliyobaki hadi sasa. La kwanza ni top. William LeFebvre, mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Rice huko Texas, aliona amri ya MONITOR PROCESS/TOPCPU kwenye mfumo wa VMS wa kampuni ya DEC, akaandika ya kwake kwa ajili ya Unix. Picha ya mara moja ya ps ikawa skrini inayojiandika upya kila baada ya sekunde chache, mchakato mlafi ukiwa juu.

La pili lilikuwa wazo la Tom Killian wa Bell Labs. Badala ya kuchungulia kumbukumbu ya keneli, kwa nini keneli yenyewe isitoe taarifa kwa sura ya mafaili? Akaunda saraka ya /proc, ambamo kila mchakato una faili lake. Mafaili hayo hayapo kwenye diski. Keneli huyaandika pale mtu anapoyafungua. Roger Faulkner na Ron Gomes wakaliendeleza wazo hilo katika Unix System V toleo la 4, na baadaye Linux ikalipanua hadi likabeba taarifa za mashine nzima.

Wakati huohuo, prosesa nyingi zilitoka maabara zikaingia sokoni. Sequent, kampuni iliyoanzishwa Oregon mwaka 1983 na watu waliotoka Intel, ilitoa Balance 8000 mwaka 1984. Balance 21000 ya mwaka 1986 ilifikisha prosesa 30. Hapa hapakuwa na bwana wala mtumwa. Prosesa yoyote iliweza kuendesha keneli. DEC ilifika huko mwaka 1988 kwa VMS toleo la 5.0, na msimamizi wake aliandika SHOW CPU akaona prosesa zipi zimo kazini.

1992–2001: Sun yaipa prosesa majina ya hali

Iliyofanya swali hili kuwa la kila siku ni Sun Microsystems. Kampuni hii ya California ilianza kuuza seva zenye prosesa nyingi za SPARC mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mfumo wake wa awali, SunOS 4.1.2, ulizitambua prosesa hizo, lakini keneli nzima ilikuwa nyuma ya kufuli moja, na prosesa moja tu iliweza kuingia ndani kwa wakati mmoja. Solaris 2, iliyoanza mwaka 1992, iliandikwa upya ikiwa na kufuli nyingi ndogondogo.

Pamoja na Solaris zilikuja amri ambazo kizazi kizima cha wasimamizi kilizijua kwa moyo. psrinfo ilitoa mstari mmoja kwa kila prosesa: nambari yake, hali yake, na tarehe na saa ilipoingia katika hali hiyo. Hali ya kawaida ilikuwa on-line. Prosesa iliyo off-line haikupewa kazi yoyote. Kati yao palikuwa na no-intr, yaani prosesa inaendesha programu lakini haisumbuliwi na vifaa kama diski na kadi za mtandao. Kubadili hali ilikuwa kazi ya psradm: alama ya -f iliizima prosesa, -n iliirudisha, -i iliikinga na usumbufu. Kuzizima zote haikuwezekana, mfumo ulikataa.

Tarehe zile hazikuwa pambo. Msimamizi aliyekuta prosesa 19 zinaonyesha saa ya kuwashwa kwa seva, na moja inaonyesha saa 8 usiku wa juzi, alijua kuna aliyeigusa au kuna kilichoitokea.

psrinfo haikueleza prosesa inafanya nini. Hiyo ilikuwa kazi ya mpstat. Ilitoa mstari kwa kila prosesa, na asilimia za muda uliotumiwa na programu, na keneli, na muda uliopotea bure. Safu ya smtx ilionyesha mara ngapi prosesa imekuta kufuli imeshikwa na mwenzake. Katikati ya miaka ya 1990 Adrian Cockcroft wa Sun aliandika kitabu kilichowafundisha wasimamizi kusoma safu hizo. Seva yenye smtx kubwa na muda mwingi wa keneli haikuponywa kwa kununua prosesa zaidi, maana kila prosesa mpya iliongeza mgombea wa kufuli ileile.

Mwaka 1997 Sun ilitoa Enterprise 10000, seva ya hadi prosesa 64, iliyotokana na kitengo ilichokinunua kwa Silicon Graphics mwaka uliotangulia. Bodi zake 16, kila moja na prosesa nne, ziliweza kuondolewa na kurudishwa bila kuzima mashine. Ndoto ya Schell ilikuwa sasa inauzwa dukani.

Karibu na mwaka 2000 ulikuja mtihani. Kumbukumbu ya karibu iliyoambatana na prosesa za UltraSPARC II ililindwa kwa njia iliyoweza kugundua kosa la biti moja lakini si kulisahihisha, na kosa kama hilo liliweza kuangusha seva nzima. Kwa wasimamizi wa mashine hizo, kuiweka off-line prosesa yenye historia mbaya kulitoka kwenye kurasa za mwongozo kukawa tahadhari ya kawaida. Matoleo ya Solaris yaliyofuata yalijifunza kuzitenga prosesa mbovu yenyewe, na psrinfo ikapata hali mpya: faulted.

1996–2004: Linux na faili moja la maandishi

Linux ilizaliwa mwaka 1991 kwenye kompyuta ya prosesa moja. Prosesa nyingi ziliingia kwa juhudi za Alan Cox, aliyefanya kazi hiyo kwa bodi ya Pentium mbili iliyotolewa msaada na kampuni ya Caldera. Toleo la 2.0 la Juni 1996 ndilo la kwanza thabiti lililozitambua. Kama SunOS kabla yake, Linux ilianza na kufuli moja kubwa. Mabaki ya mwisho ya kufuli hiyo yaliondolewa mwaka 2011.

Badala ya psrinfo, Linux ilikuwa na faili la /proc/cpuinfo. Kila prosesa ilipata aya yake: mtengenezaji, modeli, kasi, uwezo. Kuhesabu prosesa kulimaanisha kuhesabu mistari inayoanza na neno processor, na mafundi wengi walijifunza kuandika grep -c ^processor /proc/cpuinfo kabla ya kujua lina nini kingine ndani. Kasoro yake ni kwamba mpangilio wa faili hilo ulitofautiana kati ya Intel, ARM na SPARC, kwa hiyo hati iliyofanya kazi kwenye seva moja ilikwama kwenye nyingine.

Kazi ya mpstat ilirudiwa upande wa Linux na Sébastien Godard katika mkusanyiko wa sysstat. mpstat -P ALL huonyesha prosesa zote mojamoja. top ya Linux nayo ikajifunza kuzitenganisha mtumiaji anapobonyeza 1. Mwaka 2004 NASA ilisimika kompyuta kuu ya Columbia huko California: mashine 20 za SGI Altix, kila moja ikiwa na prosesa 512. Kwa idadi hiyo, mstari mmoja kwa kila prosesa haukutosha tena kwenye skrini yoyote.

2002–2010: Moja yajionyesha kama nyingi

Hadi hapo, watu walikubaliana kuhusu kitu kinachohesabiwa. Prosesa ni kipande kimoja kilichochomekwa kwenye tundu moja. Makubaliano hayo yalivunjika kwa sababu ya joto. Kuongeza kasi kulizidi kula umeme, na Oktoba 2004 Intel iliachana na Pentium 4 ya GHz 4. Njia iliyobaki ilikuwa kuongeza idadi ndani ya kipande kilekile. IBM ilikuwa imetangulia na POWER4 yenye viini viwili mwaka 2001. AMD na Intel zikafuata mwaka 2005.

Kabla ya hapo, mwaka 2002, Intel ilikuwa imeleta Hyper-Threading. Kiini kimoja kilibeba nyuzi mbili za kazi, na kwa mfumo endeshi kila uzi ulijitokeza kama prosesa kamili. Nyuzi hizo hugawana mitambo ileile ya kukokotoa, kwa hiyo mbili hazifanyi kazi ya viini viwili. /proc/cpuinfo ilibidi iongezewe mistari inayotaja nyuzi na viini.

Sun iliupeleka mtindo huu mbali zaidi mwishoni mwa 2005 kwa UltraSPARC T1. Kipande kimoja chenye viini 8, kila kiini nyuzi 4. Msimamizi aliyeandika psrinfo kwenye seva yenye tundu moja alimwagiwa mistari 32. Alama mpya ya -p ndiyo iliyomwambia kuwa kipande ni kimoja. mpstat nayo ilipotosha: nyuzi mbili ziliweza kukimaliza kiini, huku nyuzi zake nyingine mbili zikionekana hazina kazi. Anayesoma jedwali angedhani nusu ya uwezo imebaki, na kumbe haipo. Programu ya corestat ilitengenezwa kwa sababu hiyo; ilisoma vihesabio vya ndani ya silikoni badala ya hesabu za keneli.

Upande wa Linux, mwaka 2009 nproc iliingia katika mkusanyiko wa coreutils, na mwaka 2010 lscpu ikaingia util-linux. lscpu hutenganisha matundu, viini na nyuzi, kila kimoja kwa mstari wake.

2008–sasa: Jibu lategemea anayeuliza

Mwanzoni mwa 2008 keneli ya Linux 2.6.24 ilipokea cgroups, kazi iliyoanzishwa na Paul Menage na Rohit Seth wa Google, inayoweza kuligawia kundi la michakato sehemu tu ya muda wa prosesa. Programu ya Docker ilipotokea mwaka 2013, makontena, yaani makundi ya michakato yaliyotengwa na kupewa mgao wao, yakaenea duniani, na tatizo jipya likaja nayo. Kontena lililopewa muda wa prosesa 2 kwenye seva ya prosesa 64, likisoma /proc/cpuinfo, liliona zote 64.

Java iliumizwa na jambo hili kuliko wengi. Ilihesabu prosesa inapoanza, ikaandaa nyuzi za kutosha mashine nzima, kisha ikabanwa na mgao mdogo, programu ikasuasua bila sababu inayoonekana. Toleo la 10 la Machi 2018 lilianza kuuheshimu mgao wa kontena bila kuambiwa. Lugha ya Go ilifika huko kwa toleo la 1.25 mwaka 2025.

Januari 2018 swali likapanuka tena. Kutangazwa kwa udhaifu wa Meltdown na Spectre kulionyesha kwamba prosesa nzima zinaweza kuvujisha siri. Linux ikaongeza saraka ya /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities, na lscpu sasa huorodhesha kila udhaifu unaojulikana na kinga iliyowashwa. Mwaka huohuo OpenBSD ilizima nyuzi za ziada kwa chaguo-msingi, kwa hiyo idadi ya prosesa ilipungua kwa uamuzi wa usalama, bila kifaa kuharibika.

Simu nazo zimo. Simu nyingi za Android hubeba viini vikubwa vya kasi na vidogo vya kuokoa chaji, mtindo ambao ARM iliutangaza mwaka 2011. Mwanzoni mwa muongo huo simu nyingi zilizima viini visivyohitajika, na mwenye simu ya viini vinne aliyesoma /proc/cpuinfo aliweza kukuta kimoja tu. Intel ilifuata mtindo huo mwaka 2021: Core i9-12900K ina viini 16, vikubwa 8 na vidogo 8, lakini nproc husema 24, kwa sababu vikubwa pekee ndivyo vyenye nyuzi mbili kila kimoja.

La kuandika leo

Kwa anayesimamia seva sasa, hakuna amri moja inayotosha, na historia hii inaeleza ni kwa nini. Anza na lscpu, uone matundu, viini, nyuzi, na prosesa zilizozimwa. Fuata na nproc ndani ya mazingira yaleyale ambamo programu yako inaendeshwa, kisha soma faili la cpu.max la cgroup, kwa kuwa kwa miaka mingi nproc haikuutazama mgao huo. Mwisho, acha mpstat -P ALL 1 iendelee kwa dakika kadhaa wakati kazi ikiwa nzito, na uipuuze uptime mpaka ujue mzigo wake unagawanywa kwa prosesa ngapi. Majibu hayo yakitofautiana, usiharakishe kuagiza seva kubwa zaidi. Kwanza tafuta ni amri ipi imehesabu matundu, ipi viini, na ipi nyuzi.